Corolla ya Fremont na mapenzi yetu kwa beji

Kuanzia mwaka 1984 hadi 2009 Toyota na General Motors (GM) walimiliki kwa ubia kiwanda kimoja huko Fremont, California. Kiliitwa NUMMI, na majengo yake leo ni ya Tesla. Kwa miaka kadhaa laini ileile ya uzalishaji ilitoa magari mawili yenye majina tofauti: Toyota Corolla, na Prizm ya GM, iliyouzwa kwanza kwa chapa ya Geo kisha ya Chevrolet. Injini ya Toyota, gia boksi ya Toyota, mikono ileile iliyokaza bolti. Kilichotofautiana ni grili, taa, urembo kidogo, na beji. Lakini yakishatumika na kufika sokoni, Corolla ilishika bei na Prizm ya mwaka uleule ikauzwa kwa chini. Wamarekani waliolijua hilo walichukua Prizm wakanyamaza.

Kisa hiki nakipenda kuliko jedwali lolote la ubora. Sikatai kwamba Toyota imelitolea jasho jina lake. Ninachobisha ni kwamba sifa ya gari ikishakaa vichwani, watu huacha kulitazama gari lenyewe. Na waandishi wa magari, ambao kazi yao ni kulitazama, nao wana kwao.

Chukua mwaka 2010. Toyota ilikuwa inayaita gereji mamilioni ya magari kwa sababu ya mazulia ya miguuni yaliyoweza kunasa pedeli ya mafuta, na pedeli nyingine zilizokuwa zikigoma kurudi. Habari ikawa moto Marekani nzima. Waziri wa Uchukuzi, Ray LaHood, aliwaambia wabunge kuwa wenye magari hayo waache kuyaendesha, kisha siku hiyohiyo akasema ameteleza ulimi. Televisheni ya ABC ikarusha ripoti ya gari la Toyota linalodaiwa kukimbia lenyewe. Baadaye ikabainika kuwa picha ya mshale wa mizunguko ya injini ukipanda kwa kasi ilichukuliwa gari likiwa limeegeshwa. Na wakati huo zaidi ya asilimia 60 ya hisa za General Motors zilikuwa mikononi mwa serikali ya Marekani, iliyoiokoa kampuni hiyo mwaka uliotangulia. Sisemi palikuwa na njama. Nasema refa alikuwa na hisa katika timu moja.

Februari 2011 matokeo ya uchunguzi uliofanywa na wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, yalitoka: hawakuona hitilafu ya kielektroniki iliyoyafanya magari yaende mbio. Hata hivyo Toyota haikuwa malaika. Mwaka 2014 ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu pedeli na mazulia yaleyale.

Mwaka huohuo wa 2014 ndipo GM ilipoanza kuyaita magari yenye swichi mbovu ya kuwashia. Ufunguo ukiwa na mzigo mzito wa funguo nyingine, au gari likirushwa na shimo, swichi iliweza kurudi nyuma yenyewe: injini inazima, usukani unakuwa mzito, eabegi hazifunguki. Ndani ya kampuni dalili zilijulikana kwa takribani miaka kumi. Mfuko wa fidia uliishia kukubali vifo 124. Miaka yote hiyo, kamera zilizokuwa zikipiga kambi kwa Mjapani zilikuwa wapi?

Wajerumani nao wana yao. Januari 2014 ilifichuka kuwa ADAC, chama kikubwa cha wenye magari, kilikuwa kimeongeza kura za tuzo yake: Volkswagen Golf ilipata kura 3,409, ikatangazwa kuwa na 34,299. Na magari ya dizeli ya Volkswagen, yaliyoibua kashfa kubwa ya udanganyifu wa vipimo vya moshi mwaka uliofuata, hayakukamatwa na magazeti ya kwao yanayoyajaribu kila wiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia ndio waliofunga vipimo kwenye Jetta na Passat, wakaziendesha barabarani California, wakaona moshi haufanani na ule wa maabara.

Sisi Tanzania hatuna chapa yetu ya kutetea, lakini mtu akiisema vibaya Toyota kijiweni anakula maneno kana kwamba kamtukana babu wa mtu. Ni uzalendo wa kuazima. Una sababu zake, tena za maana: Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, kwa hiyo mitumba yao ndiyo iliyojaa bandarini. Magari yakawa mengi, mafundi wakayazoea, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ukajaa spea.

Keti gereji yoyote ya chini ya mwembe utaona. IST inaingia ikigonga mbele, fundi anaitikisa tairi, anataja bushi, kijana anapanda bodaboda, na kabla chai haijapoa gari limetoka. Pembeni pana la Kijerumani lenye taa ya injini inayowaka. Hakuna mwenye kompyuta inayosomana nalo vizuri, basi wanabadilisha sensa kwa kubahatisha, waya unakatwa na kuungwa kwa gundi nyeusi, rejeta inajazwa maji ya bomba. Mwezi mmoja baadaye mwenye gari anatangaza kuwa Mjerumani hajui kutengeneza magari.

Wanaoandika kuhusu magari huku kwetu hawatusaidii. Kurasa nyingi ninazozisoma zinasifia gari juu, na chini yake ipo namba ya kuliagizia. Mwandishi hataji limetembea kilomita ngapi wala linawekwa oili gani.

Desemba 2023 Daihatsu, kampuni iliyo chini ya Toyota, ilikiri kuchakachua vipimo vya usalama vilivyogusa modeli 64, zikiwamo zilizouzwa kwa jina la Toyota. Passo na Rush tunazopishana nazo kila siku ni kazi ya Daihatsu. Kama zilikuwa kwenye orodha ile au la, ndilo swali nililotegemea kuliona likiulizwa kwa Kiswahili. Nilipolileta kwa jamaa yangu mwenye Passo, alinijibu kuwa haimsumbui, spea zipo. Sawa, spea zipo. Mimi nilikuwa namuuliza kuhusu ajali.