Heidegger na Wayahudi: Je, Chuki Iliingia katika Falsafa?

Martin Heidegger, mwanafalsafa wa Kijerumani, alijiunga na chama cha Nazi tarehe 1 Mei 1933, siku chache baada ya kuchaguliwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, na alibaki mwanachama hadi mwaka 1945. Hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni kama siasa hiyo ilikuwa udhaifu wa mtu tu, au ilichipuka katika fikra zake.

Wanaomtetea hawakosi hoja. Aliacha ukuu wa chuo Aprili 1934, na alimsaidia msaidizi wake Werner Brock, mwenye asili ya Kiyahudi, kupata hifadhi Uingereza. Hannah Arendt, mwanafunzi wake Myahudi aliyelazimika kuikimbia Ujerumani, mwaka 1969 alimfananisha na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyekosea kwa kwenda mji wa Syracuse kwa mtawala dhalimu. Utetezi unaotoka kwa mtu aliyeteswa na Wanazi haupuuzwi kirahisi.

Lakini kuna habari ya Edmund Husserl, mwalimu wake aliyezaliwa Myahudi. Kitabu kikuu cha Heidegger cha mwaka 1927 kilitabarukiwa Husserl. Katika toleo la 1941 tabaruku hiyo iliondolewa, ingawa shukrani katika tanbihi zilibaki. Heidegger alieleza kwamba mchapishaji alihofia kitabu kisipigwe marufuku, na huenda ni kweli. Husserl alipofariki mwaka 1938, hata hivyo, Heidegger hakuhudhuria mazishi, na hapo hakuna mchapishaji wa kubebeshwa lawama.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka mwaka 2014, yalipoanza kuchapishwa madaftari yake meusi, yaani daftari alimoandika fikra zake. Humo anawapa Wayahudi kipaji cha kukokotoa mambo, na kuwahusisha na kung'olewa kwa binadamu kutoka mizizi yake. Watetezi husema hakuamini ubaguzi wa damu wa Wanazi. Ni kweli aliudharau, ila kwangu hilo linamwongezea mzigo, kwa sababu aliuchukua uzushi wa mitaani akaupa kiti ndani ya falsafa yenyewe, katika simulizi yake kuhusu namna Magharibi ilivyosahau kuuliza maana ya kuwapo kwa vitu.

Baada ya vita alipata nafasi ya kusema. Herbert Marcuse, mwanafunzi wake wa zamani, Myahudi, alimwandikia mwaka 1947 akimsihi aukane waziwazi utawala ulioua mamilioni ya Wayahudi. Januari 1948 Heidegger alijibu kwamba maneno hayo yangeweza kusemwa pia kuhusu Wajerumani wa mashariki waliotendewa vivyo hivyo na mmoja wa washindi wa vita. Aliyeandika jibu hilo hakuwa kijana aliyelewa mapinduzi. Alikuwa mzee wa miaka 58, na habari za kambi za mauaji zilikwisha kujulikana duniani kote.