Kaseti za zamani: ukishazihamishia kwenye kompyuta, uzitupe?

Wenye kaseti za taarabu na dansi za miaka ya 1970 na 1980 wanaulizana swali hili, na wanaotaka kuzitupa wana hoja nzito. Kila kaseti inapopigwa, utepe husuguana na hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma sauti, na kupoteza chembe za unga wake wa sumaku. Redio kaseti nzima ni za kutafuta, na unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja huotesha kuvu kwenye utepe. Faili halichakai kwa kusikilizwa, kwa hiyo kwa burudani ya kila siku hakuna haja ya kuitesa kaseti.

Lakini faili hubeba kile tu ambacho hedi iliweza kusoma siku ile. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo inayopanga mlalo wake. Mlalo huo ukitofautiana hata kidogo na wa mashine iliyorekodi, sauti za juu hufifia: fidla, matoazi, "s" ya mwimbaji. Kisichoingia kwenye faili, kompyuta hairudishi. Fundi makini huizungusha skrubu hiyo polepole huku kaseti ikilia, mpaka sauti ing'ae kabisa, ndipo arekodi. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanakandamiza kila kitu kuwa MP3 ya kbps 128, ambapo saa nzima huwa MB 58 hivi. Saa hiyohiyo kwa WAV, faili lisilokandamizwa, ya biti 24 na kHz 48 ni kama GB 1. Kazi ikiharibika hivyo, kaseti ndiyo pekee inayokuruhusu kuanza upya.

Na kaseti huvumilia matengenezo. Sauti ikizama ghafla, mara nyingi ni kile kisponji kinachousukuma utepe kwenye hedi kimebanduka. Hamishia utepe kwenye kasha jingine la skrubu. Utepe ukikatika, uunganishe: hukimbia sm 4.76 kwa sekunde, hivyo ukipunguza sm 2 hujapoteza hata nusu sekunde. Tumia gundi-tepu ya kuungia kanda, kwani selotepu ya ofisini gundi yake hutambaa na kunasisha mizunguko ya jirani. Lakini diski ya kompyuta ikifa, mara nyingi inaondoka na mafaili yote kwa mkupuo.

Kaseti za dakika 120 ni suala tofauti. Utepe wake ni mwembamba mno na huliwa na mashine kirahisi, basi zihamishwe kwanza, tena kwa kupigwa mara chache iwezekanavyo.

Kwa maoni yetu, WAV ikae kwenye diski mbili, moja ikiwa katika nyumba nyingine, na MP3 iende kwenye simu. Kaseti ivunjwe vile vipande viwili vidogo vya plastiki vya ukingo wa juu, ili isirekodiwe tena, isimamishwe wima pakavu, mbali na spika. Nakala ya dukani ambayo muziki wake umetolewa upya vizuri unaweza kuigawa. Iliyorekodiwa harusini au kutoka redioni huenda haina mwenzake popote, hiyo usiitupe.