Mzungu Mpya wa Pangani

Kwa kuwa yule rafiki yangu ameshatangaza kwenye kundi letu la wastaafu kwamba nimefukuzwa na jini nyumbani kwangu, acha niseme mwenyewe. Hakukuwa na jini. Kulikuwa na chokaa, na mhasibu mstaafu asiyesikia la mkuu.

Nyumba mnaijua, picha niliwawekea: lile gofu la mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, lililomeza kiinua mgongo changu likanibakizia nauli. Mimi nilitaka lipu ya saruji. Fundi akagoma: ukuta wa zamani unapumua, ukiuziba kwa saruji unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, lipu inabanduka yenyewe. Haya. Akaleta chokaa, mabonge ya matumbawe yaliyochomwa. "Mzee, hii haijanyweshwa maji, bado ina moto. Usiiguse mpaka nije kesho."

Nikaigusa. Baridi kama uso wa mkaguzi wa hesabu. Nikajua huyu anatafuta posho ya siku ya pili. Miaka 34 nimekata hati za malipo za namna hiyo!

Jioni, mke wangu yuko kwa jirani, nikatia mabonge kwenye pipa la plastiki, nikamimina ndoo ya maji. Ndoo ya mwisho, maana bomba letu hutoa usiku. (Ndoo hiyo muikumbuke.)

Kimya. Nikacheka peke yangu. Nikainama kuchungulia, huku namtungia fundi maneno ya kesho. Mara nikasikia mlio mdogo, kama dagaa wakiangukia mafuta. Bonge moja likapasuka, taratibu. La pili. Mvuke ukanigonga kidevuni. Pipa likalegea, likatoa kitambi upande wangu, na mimi, badala ya kukimbia, nikalikumbatia lisianguke. Msicheke, lilikuwa jipya, risiti ninayo. Likasema buu! Nilichowahi ni kufumba macho.

Ndani tone la maji hakuna. Nikatoka mbio na msuli, mkono mmoja umeshika fundo, mwingine unapapasa njia, kuelekea kisimani kwa bibi muuza vitumbua. Mweupe kuanzia utosini hadi kitovuni. Na ndiyo saa watoto wa madrasa wanatoka.

"Mzungu! Mzungu!"

Msafara ukaanza. Mmoja akaniomba pipi. Bibi, ambaye macho yake nayo yamechoka, akamwita mjukuu wake haraka aje aongee na mgeni. Mtoto akasimama wima: "Gudi moning, ticha!"

"Maji," nikasema. "Maji, mwanangu, naungua!"

"Bibi! Anajua Kiswahili!"

Wallahi kuna mtu alipiga makofi.

Basi, nikamwagiwa ndoo sijui ngapi, zahanati wakanisafisha macho, yako salama. Mkono umebanduka kuliko hiyo lipu ya saruji. Mke wangu akinitazama anakimbilia jikoni kucheka. Fundi alikuja asubuhi, akaliangalia pipa lilivyokunjamana, akasema chokaa ndiyo hutiwa majini, kidogo kidogo, si maji kumwagiwa chokaa. Yale maneno niliyomtungia sikumwambia. Posho ya siku ya pili nimelipa, na ya tatu.

Leo nimepita sokoni kuulizia nazi. Muuzaji akanitazama, akatabasamu, akanitajia bei ya watalii.