Jenomu ya kuvu na friji za maabara Mombasa

Wakati wa korona, sampuli za Mombasa zilipelekwa Kilifi, kwenye maabara ya KEMRI-Wellcome, na jenomu ya kirusi, yaani maandishi yote ya urithi wake, ikasomwa papa hapa Pwani. Uwezo huo umezua swali: je, utumike pia kuchunguza milipuko ya kuvu hospitalini? Wapo wanaoona tunachelewa, na wapo wanaoona tunaruka ngazi. Wote wana haki, ila si kwa uzito sawa.

Sizungumzii choa wala mashilingi. Wasiwasi wangu ni Candida auris, kuvu iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2009 baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa nchini Japani. Hukaa kwenye ngozi bila dalili yoyote, hung'ang'ania vitanda na vifaa, na ikiingia kwenye damu ya mgonjwa mahututi ni hatari kubwa. Flukonazoli, dawa ya kuvu iliyozoeleka katika hospitali zetu, mara nyingi haiiwezi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la juu kabisa la kuvu zinazohitaji kupewa kipaumbele. Na haiko mbali nasi: katika hospitali moja ya rufaa Nairobi, kati ya 2010 na 2016, ndiyo iliyokutwa kwa asilimia 38 ya wagonjwa waliokuwa na kuvu za jamii ya Candida katika damu. Mgonjwa akihamishwa kuletwa Mombasa, anaweza kuja nayo mwilini bila yeye wala nesi kujua.

Sasa wodi moja ikipata wagonjwa wanne wenye kuvu hii, kuna maelezo mawili. Huenda wameambukizwa humo humo, kwa kifaa au kwa mikono. Huenda pia kila mmoja aliingia nayo kutoka kwingine. Jina la kuvu kwenye karatasi ya maabara haliwezi kutenganisha haya mawili, jenomu huweza. Wanaochunguza miswada ya kale ya tenzi hujua nakala ipi ilitoka kwa ipi kwa kufuata makosa: mwandishi akikosea neno, anayemnakili hulirithi kosa lile. Kuvu nayo hujinakili na kukosea herufi za jenomu yake hapa na pale, na wagonjwa wanaobeba makosa yale yale huenda wana chanzo kimoja. Kujua hivyo kunaamua kama tunafunga wodi au tunaanza kupima wanaopokewa mlangoni. Ni maamuzi tofauti kabisa, na yote mawili yana gharama.

Upande wa pili una hoja ambayo watetezi wa jenomu huipita haraka mno. Chukua mlipuko wa Oxford, Uingereza, kati ya 2015 na 2017, ambapo wagonjwa 70 wa hospitali moja walikutwa na kuvu hii. Hatua nyingi za usafi zilichukuliwa na bado iliendelea kuenea. Kilichoelekeza kwenye chanzo ni kulinganisha walioambukizwa na wasioambukizwa: nani alitumiwa kifaa gani. Jibu likawa themomita za kwapani zilizotumika kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Jenomu ilithibitisha kwamba kuvu ya kwenye themomita na ya wagonjwa ni ukoo mmoja, na maambukizi mapya yakapungua zilipoondolewa. Uthibitisho huo ni mkubwa, lakini uliegemea kumbukumbu za wodi zilizoandikwa vizuri. Bila kumbukumbu hizo, jenomu ingesema hawa ni ndugu, isiseme walikutania wapi.

Tena kuna shida ya kusoma matokeo. Kuvu za ukoo mmoja hufanana sana hata zikitoka hospitali zisizohusiana, na hakuna idadi moja ya tofauti inayokubalika kila mahali kuwa ndiyo mpaka kati ya "mlipuko mmoja" na "bahati tu". Jenomu yenyewe ina herufi takriban milioni 12, wakati ya kirusi cha korona ni kama 30,000. Kazi ya kompyuta na ya mtaalamu si ile ile.

Lakini hoja inayonielemea zaidi iko chini kabisa ya ngazi. Kuvu hii haifiki kwenye mashine ya jenomu kama damu ya mgonjwa haikuoteshwa maabara, yaani kuwekwa mahali ambapo vijidudu vilivyomo huweza kukua, na hata ikiota, vipimo vya kizamani vimewahi kuipa jina la ndugu yake, Candida haemulonii. Kisha kilichoota hutupwa, na kikishatupwa hakuna mashine Kilifi wala London itakayokirudisha.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tusubiri hadi hospitali zetu zitengemae. Nakubaliana nao kwamba fedha za kwanza ziende kwenye kuotesha damu na kuitambua kuvu kwa jina lake sahihi. Ila hapo hapo, kila Candida inayotoka kwenye damu ihifadhiwe kwenye friji ya baridi kali, pamoja na tarehe, wodi na kitanda. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mashine, na mlipuko ukizuka tutakuwa na cha kupeleka.

Iko pia hofu ambayo lazima ishughulikiwe mapema. Hospitali ikijua kwamba matokeo yataitangaza kuwa chanzo, haitatuma sampuli, hasa ya kibinafsi inayotegemea jina zuri. Kaunti inapaswa kukubaliana na hospitali, kabla ya sampuli ya kwanza kusafiri, kwamba matokeo yataenda kwanza kwa wanaodhibiti maambukizi wodini, na kwamba hospitali inayoripoti haitaadhibiwa kwa kuripoti. Wagonjwa na jamaa zao, kwa upande wao, waambiwe ukweli.