Ubaya wa Sura Si Ubaya wa Rangda

Mgahawa mmoja mpya hapa mjini umeona vyema kutundika kinyago cha Rangda, mhusika wa ngoma za kisiwa cha Bali huko Indonesia, juu ya mlango wa choo, na mteja wa meza ya jirani akauliza kwa sauti ni nani aliyeleta shetani mahali pa kulia chakula. Sijui aliyeniudhi zaidi ni yupi, aliyetundika au aliyeuliza.

Kwamba Rangda ni malkia wa wachawi, mwenye macho yaliyotokeza, meno yaliyopinda na ulimi unaoning'inia hadi kifuani, hilo silipingi. Hata hivyo, kule Bali kinyago chake kilichowekwa wakfu hutunzwa hekaluni kikiwa kimefunikwa kitambaa, hupelekewa sadaka, na huaminika kukilinda kijiji kile kile anachokitisha wakati wa ngoma. Anapopambana na Barong, kiumbe mlinzi mwenye umbo la mnyama, hakuna anayemwangamiza mwenzake, wala haikukusudiwa awepo mshindi. Mchongaji naye haanzi kazi ovyo: huchagua siku njema, hutoa sadaka mbele ya mti wa pule, kisha hukata kipande tu huku mti ukiachwa hai. Kinyago kikishachongwa na kupakwa rangi tabaka juu ya tabaka, hufanyiwa ibada ya pasupati ili kipewe nguvu. Kabla ya hapo ni ubao tu.

Anayedhani sura mbaya lazima ibebe nia mbaya na amtazame Sidakarya, mhusika wa kinyago kingine cha Bali, mwenye uso mweupe na meno yaliyochomoza. Masimulizi yanasema kwamba mtu mtakatifu kutoka Keling alifika Besakih, hekalu kuu la Bali, akiwa amechakaa kwa safari, wakati mfalme Dalem Waturenggong akiandaa sherehe kubwa, akajitambulisha kuwa ni ndugu wa mfalme, na watumishi wakamtimua kama ombaomba. Akalaani. Mazao yakakauka, maradhi yakaenea, na mfalme mwenyewe akalazimika kumwita tena kwa heshima ili aiondoe laana yake. Ndiyo maana hadi leo, katika ibada kubwa, mchezaji mmoja hubadilisha vinyago kimoja baada ya kingine, waziri mkali, mzee anayetetemeka, mfalme mpole, lakini anayekuja mwisho kuikamilisha ibada, akirusha mchele na sarafu, si mfalme mwenye sura nzuri bali ni huyo aliyefukuzwa mlangoni.

Haya, nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba kinyago cha mgahawani huenda hakikuwahi kuwekwa wakfu. Wachongaji wa Mas, kijiji cha Bali, huwauzia watalii, nao wanahitaji kula, na Wabali wenyewe walikutana Denpasar, mji wao mkuu, mwaka 1971 ili kutenganisha ngoma za ibada na zile za maonyesho. Mwenye mgahawa, basi, hakuvunja mwiko wowote. Alikosa adabu tu, na adabu haihitaji pasupati.