Kampuni za simu zipimwe kutokea Birere

Mama mkubwa wangu alikimbia vita mji wa Sake, huku mashariki mwa Kongo, mwanzoni mwa 2024 na mfuko mmoja wa nguo, wajukuu wawili na simu ndogo ya vibonyezo iliyoishiwa chaji. Alipofika Goma alikuwa na mambo mazito kuliko kutafuta pa kuchaji. Miezi ikapita. Siku alipoiwasha, namba haikuwa yake tena. Kampuni ilikuwa imeichukua na kumuuzia mtu mwingine.

Kumbe zamu yake ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, ilikuwa imefika, na mwenzake mmoja alikwisha kutuma fungu kwenye namba ile aliyoizoea. Jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri halikuwa la mama mkubwa, na yule mwenzake aliliona vizuri. Hakushtuka. Huku kwetu laini nyingi zimeandikishwa kwa majina ya watu wengine, maana kitambulisho tunachokitegemea ni kadi ya uchaguzi, na aliyeipoteza njiani akikimbia anaomba ya jirani au ya shemeji. Akadhani ni jina la mkwe. Pesa ikaenda.

Nilimsindikiza hadi ofisi ya kampuni, ambayo sitaitaja. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, akamwamkia vizuri, akampa karatasi ya malalamiko. Ilikuwa ya Kifaransa tupu. Mama mkubwa anasoma Biblia ya Kiswahili bila miwani, lakini Kifaransa hakujifunza. Nikaijaza mimi. Kisha kijana akatuambia hawezi kututajia mwenye namba wa sasa.

Na hapo alikuwa na haki. Aliyenunua laini ile hakuiba kitu. Mimi pia nataka kampuni imkatalie mtu asiyenijua akija kuuliza jina langu na mtaa wangu, hasa katika mji huu ambamo mtu kujua unapolala laweza kuwa jambo la uhai. Kwa hilo ningewapa alama nzuri kabisa. Sifuri ningewapa kwa yaliyotangulia: kuichukua namba ya mtu aliyekimbia vita bila kumtafuta kwa njia nyingine yoyote, wakati pochi yake ya pesa inaning'inia kwenye namba hiyohiyo. Na kwa ile karatasi, sifuri nyingine.

Nazungumzia alama kwa sababu wapo watu wanaozitoa. Ranking Digital Rights, mradi ulioanzishwa na Rebecca MacKinnon, ulitoa orodha yake ya kwanza mwaka 2015 ukipima kampuni 16 za intaneti na simu. Wanauliza kampuni inafanya nini na taarifa za wateja, inasema nini serikali ikiiamuru kuzima mtandao, na mteja aliyeumia alalamike wapi. Katika orodha ya 2020 kampuni zilikuwa 26, na hakuna hata moja iliyofikia alama ya kufaulu. Ni kazi ngumu na ninaiheshimu. Vodafone, mama wa Vodacom, imo. Orange imo. Bharti Airtel imo. Rangi zao ndizo zilizo kwenye miavuli ya kabini, vibanda vya kutumia na kutoa pesa za simu, kutoka mtaa wa Birere mpaka wa Ndosho hapa Goma.

Lakini tazama wanavyopima. Kwa kampuni ya simu wanaangalia makao makuu na tawi la nchi ya nyumbani: Uingereza kwa Vodafone, Ufaransa kwa Orange, India kwa Airtel. Hata swali la lugha linahusu wateja wa nchi hiyo ya nyumbani. Orange ikiandika masharti kwa Kifaransa, imejibu. Mama mkubwa wangu hayumo katika hesabu hiyo. Alama inaweza kuwa ya kweli tupu kwa mteja wa Lyon, na yule anayepanga foleni Goma chini ya rangi ileile isimwambie chochote.

Na sisi ndio tulio na la kusema. Mtandao ulizimwa Kongo nzima tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ukakaa karibu wiki tatu. Ushuru wa RAM, yaani wa rejesta ya simu za mkononi, ulipoanza Septemba 2020, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kawaida na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, ulikuwa ukikatwa kwenye yuniti za mteja, yaani salio lake la kupigia simu, kidogo kidogo, mpaka ulipofutwa 2022. Amri ilitoka serikalini, sawa. Ila mkono ulioingia mfukoni mwa muuza ndizi ulikuwa wa kampuni aliyoiamini kumtunzia yuniti, na watu hawajasahau. Sheria ya mambo ya kidijitali tunayo tangu Machi 2023, nayo inalinda taarifa binafsi. Sijaona bado mtu akiipeleka sokoni Virunga na kuisoma kwa Kiswahili.

Kisha ikaja Januari 2025, waasi wa M23 wakauteka mji, benki za Goma zikafunga milango. Mshahara, karo, dawa, vyote vikahamia kwenye simu. Siku hizo mtu hawezi kusema, kampuni hii imeniudhi, naenda kwingine. Aende wapi? Kwa hiyo wakinihesabia wateja wengi kama ushahidi kwamba kampuni inaaminiwa, nakataa. Aliyebanwa pia ni mteja.

Anayetaka kutoa alama ya haki aanze na akina mama wa kabini. Wana madaftari. Kila pesa iliyopotea njia imeandikwa humo kwa kalamu ya bluu: saa, namba, kiasi, na kama ilirudi au haikurudi. Akae nao mwezi mmoja na daftari hizo, aulize malalamiko yalijibiwa baada ya siku ngapi na kwa lugha gani. Ndipo arudi kwao kuandika.

Fungu la mama mkubwa halikurudi. Zamu iliyofuata, yule mwenzake hakugusa simu. Alitoka Ndosho kwa miguu, noti amezifunga kwenye kona ya kitenge, akaja kumhesabia mkononi.