Muhogo wa Amani na kalenda ya bajeti

Kusini mwa Tanzania kuna muhogo unaoitwa Namikonga. Sifa yake kubwa utaiona ukiukata: ndani ni mweupe. Mihogo mingine ya shamba hilohilo unaweza kuing'oa baada ya mwaka mzima wa kungoja, ukaipasua, ukakuta madoa makavu ya kahawia yaliyosambaa kama kutu, chakula cha nyumba kimeozea ardhini wakati majani juu yalikuwa hayatishi. Pwani ya Kenya nako kuna muhogo unaoitwa Kaleso. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya mihogo hiyo miwili waligundua ni mmea mmoja. Na mmea huo haukuzaliwa Mtwara wala Kilifi. Ulizaliwa Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, enzi za Mwingereza, ukapewa namba 46106/27.

Naanza na muhogo kwa sababu mjadala wetu kuhusu vyuo vikuu na utafiti umebakiza swali moja tu: faida iko wapi, na itaonekana lini? Linaulizwa bungeni wakati wa bajeti, linaulizwa vijiweni, linaulizwa na mzazi. Sina ugomvi na nusu ya kwanza ya swali hilo. Nusu ya pili, hilo neno "lini", ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu inaua hata mambo ambayo muulizaji mwenyewe angeyataka.

Kwanza niwatendee haki wanaouliza. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe amalize chuo, kisha akamwona mwaka wa tatu yuko nyumbani na cheti kimo kwenye bahasha, ana haki ya kudai maelezo. Mlipakodi naye vilevile, maana shilingi iliyokwenda kwenye mkopo wa mwanafunzi haikwenda kwenye zahanati. Na upande wa wasomi una makosa yasiyofichika. Tasnifu zinaandikwa, zinatetewa, zinalala makabatini. Utafiti unafanywa kwa mkulima, matokeo yanachapishwa kwa Kiingereza asichokisoma. Wapo wahadhiri wanaoonekana zaidi kwenye semina za posho kuliko darasani. Mradi wa HEET, wa kuimarisha elimu ya juu nchini, uliotokana na mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia mwaka 2021, unavitaka vyuo vihuishe mitaala iendane na soko la ajira pamoja na kuwajengea madarasa na maabara. Anayeuona kama uonevu dhidi ya taaluma hajasikiliza malalamiko ya mitaani. Wala dai lenyewe si geni. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuo wanafunzi zaidi ya 300 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa sababu hakukubali kwamba msomi anayelishwa na jasho la mkulima anaweza kumpa mgongo.

Soko nalo tumekwisha kuliona likishika usukani. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia kwa wingi kuanzia mwaka 1992, na haikuchukua muongo mmoja kabla hawajawazidi wale waliolipiwa na serikali. Chuo kilichokuwa hoi kwa ukata kikapumua, na hilo lilikuwa jema. Lakini idara zikaanza kugombea wanafunzi kwa kozi zenye majina ya kuvutia, masomo yasiyo na wateja yakanyong'onyea, na mwalimu aliyefundisha mchana akafundisha tena jioni. Kwa wengi utafiti ukageuka ushauri wa kulipwa: ripoti ya miezi mitatu kwa shirika linalojua tayari linataka kusikia nini.

Sasa twende Amani.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ugonjwa wa batobato wa muhogo, unaoyatia majani mabaka na kuyakunja, ulikuwa umeandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika Usambara hiyohiyo. Chini ya Mwingereza alikuja pale mtaalamu wa magonjwa ya mimea, H. H. Storey, ambaye kabla ya hapo alikwisha kuonyesha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi hubebwa na kidudu kidogo kinachorukaruka kwenye majani. Mwaka 1936 akautambulisha ugonjwa wa pili wa muhogo, michirizi ya kahawia, ndio ule wa madoa makavu ndani ya mzizi. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols wakajaribu mihogo ya kila aina waliyoweza kuipata, na hakuna iliyowaridhisha. Ndipo wakageukia jamaa za muhogo, ukiwemo mti wa mpira.

Msomaji wa Tanga anaujua mti huo kwa jina la mboga: kisamvu cha mpira. Uliletwa zama za Mjerumani kwa ajili ya utomvu, ukapandwa mashamba kwa mashamba, kisha bei ya mpira ikaanguka mwaka 1913 na mashamba yakafilisika. Kwa hesabu ya mfanyabiashara ulikuwa hasara iliyokwisha kufutwa kitabuni. Watafiti wa Amani waliukuta na kitu ambacho muhogo ulikuwa umekikosa: uwezo wa kuyastahimili magonjwa yale.

Kuuchanganya mti huo na muhogo ni kazi ya subira isiyo na njia ya mkato. Ua linachavushwa kwa mkono. Tunda likikubali linatoa mbegu tatu. Mbegu inaoteshwa, mche unahamishiwa shambani, na kwa kuwa michirizi ya kahawia hujificha kwenye mzizi, huwezi kuwa na hakika mpaka mwaka uishe, ung'oe, upasue. Mmea ukiwa mzuri unakata pingili kama kumi, unapanda, unangoja mwaka mwingine. Mimea chotara ya kwanza ilikuwa na kinga ya kutosha na mizizi isiyofaa kuliwa: michache, myembamba, migumu kama kuni. Ikabidi irudishwe kuchavushwa na muhogo wa kawaida. Kizazi cha pili kikawa afadhali kidogo. Kikarudishwa tena. Namikonga ni tunda la kurudisha mara tatu.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Chukua fomu ya tathmini inayotumika leo, yenye safu ya lengo, safu ya kiashiria na safu ya matokeo ya mwaka, umpelekee Storey. Mwaka wa kwanza angeandika kwamba amechavusha muhogo na mti ambao biashara yake ilikufa. Mwaka wa tatu angeandika kwamba amepata kuni. Mwaka wa tano, kwamba ameanza upya na kizazi kingine. Mpango ulioanza katikati ya miaka ya 1930 ulifungwa mwaka 1957, wakati huo ukisimamiwa na D. L. Jennings, na siku ya kufungwa kwake, kama mtu angeuliza ni wakulima wangapi wamenufaika, jibu la kweli lingekuwa wachache sana. Miaka 20 na ushei ya mishahara, mashamba ya majaribio na palizi. Kamati ipi ya leo ingeipitisha?

Lakini kabla mlango haujafungwa, mbegu za machotara zilikuwa zimepelekwa Ibadan, Naijeria. Kutokana nazo ulipatikana mmea uliopewa namba 58308. Mwaka 1967 kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, IITA, kikaanzishwa Ibadan. Mwaka 1971 akafika pale mtafiti kutoka Korea Kusini, Sang Ki Hahn, akauchukua mmea ule na kuufanya mzazi wa mihogo mipya. Mmojawapo ulikuwa TMS 30572. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ikalipuka Uganda, ikawa inasonga mbele kilomita 20 hadi 30 kila mwaka, ikiacha nyuma yake vijiji ambavyo wakulima wake walikata tamaa kabisa ya kupanda muhogo. Mbegu iliyosaidia kuwarudisha shambani katika miaka ya 1990, ile waliyoiita Nase 3 au Migyera, ni TMS 30572.

Hesabu mwenyewe. Kutoka ua la kwanza la Amani hadi shamba la Uganda ni karibu miaka 60. Katikati ya hapo Mwingereza aliondoka, nchi zetu zikapata uhuru, vita vya Biafra vikapiganwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikazaliwa 1967 na kufa 1977. Hakuna ofisa aliyeidhinisha fedha zile za mwanzo aliyekuwa bado kwenye kiti chake kuyaona matokeo. Nimeizungusha hesabu hii kila upande na sijaona namna ambayo mavuno yale yangeweza kuingia kwenye mpango wa miaka mitatu, au mitano, au hata muhula mzima wa rais.

Atakayenipinga ana hoja, na hoja yake ya kwanza ni kwamba Amani haikuwa sayansi ya kujifurahisha: walikuwa na tatizo la mkulima mbele yao. Kweli. Na mimi sidai mtafiti aachwe ahangaike na lolote. Nadai kwamba lengo linaweza kuwa wazi kabisa huku siku ya kulifikia haijulikani. Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwa kila Amani kuna vituo vilivyokula fedha vikafa bila kuacha hata pingili, na vile havina mtu wa kuvisimulia. Hilo nalikubali, na ndiyo sababu mtafiti lazima aulizwe. Ya tatu inauma. Kituo kilikuwa cha mkoloni. Makala za kitaalamu zina majina ya Storey, Nichols na Jennings. Mikono ya Kiafrika iliyolima na kupalilia mashamba yale ya majaribio haina jina popote humo. Anayetaka kuisifu Amani bila kulisema hili anasifu nusu.

Kuna na jambo la nne, ambalo wapinzani wangu wangeweza kulitumia, ila mimi nalisoma kinyume. Naijeria haikuwa na michirizi ya kahawia. Kwa hiyo waliokuwa wakichagua mbegu huko walitazama batobato, na kinga ya ugonjwa wa pili haikuwa na mtu wa kuilinda. Mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilipoibuka Uganda, mihogo mingi iliyokuwa imeshinda batobato ikaanza kuozea ardhini. Yaani kazi ya Amani ilikatika katikati, na pale ilipokatika ndipo miaka 47 baadaye tulipoumia. Ikabidi watafiti warudi kuitafuta Namikonga. Waliikuta wapi? Kwa wakulima. Wao ndio waliokuwa wakikata pingili na kupanda, msimu baada ya msimu, baada ya ofisi kufunga faili.

Mtazame sasa mhadhiri kijana wa leo, mwenye shahada ya uzamivu ya jenetiki ya mimea na darasa la mamia ya wanafunzi. Kupanda cheo kunategemea pointi, pointi zinatokana na makala, na makala zinahesabiwa kwa idadi ndani ya miaka michache. Akichagua kazi ya miaka 15 ya kuboresha zao moja, mwenzake aliyechagua dodoso la wiki sita atakuwa profesa mshiriki yeye akiwa bado anasubiri mizizi ikomae. Hatuhitaji kumwita mvivu au mchoyo ili tuelewe atakachochagua. Wengine wanaishia kwenye majarida yanayopokea ada na kuchapa chochote. Serikali ilipoanza kuwatunza fedha watafiti wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa ilifanya jambo la heshima, nami nimelifurahia. Lakini hata tuzo hiyo inamfikia aliyekwisha kuvuna. Aliye kwenye mwaka wake wa tatu wa kuni haimfikii.

Fedha zinazobaki ni za wahisani, na kalenda ni ya kwao. Januari 2025 amri iliyotolewa Washington ilisimamisha misaada ya Marekani, na kazi za utafiti katika nchi nyingi za Afrika, likiwemo jaribio la chanjo ya Virusi vya UKIMWI lililokuwa linaanza Afrika Kusini, zikasimama ndani ya siku chache. Wamarekani wana haki ya kuamua matumizi ya fedha zao. Kinachonisumbua ni kwamba muhogo wetu, malaria yetu na mvua zetu havina fedha za kudumu zilizo zetu. Umoja wa Afrika ulizihimiza nchi wanachama mwaka 2006 zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kenya katika sheria yake ya mwaka 2013 iliandika asilimia 2. Nchi nyingi hazijaifikia hata hiyo 1. Nami naongeza kwamba hata tukiifikia, asilimia 1 iliyokatwakatwa kuwa miradi ya miaka mitatu mitatu isingetupatia Namikonga.

Mtafiti aulizwe kila mwaka: umejifunza nini, kipi kimeshindikana, kumbukumbu ziko wapi, nani unamfundisha atakayeipokea kazi? Hayo yana majibu hata mwaka wa kuni. Na ziwepo kazi chache ambazo bajeti haizigusi, wala si za gharama kubwa: mtunza mbegu, mtunza mimea iliyokaushwa, shamba la vizazi vya zamani la kupaliliwa hata mwaka ambao hakuna anayelihitaji.

Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, watafiti wa Kitanzania wameichavusha Namikonga na mihogo mingine na kuanza kusoma ni sehemu gani za vinasaba vyake zinazobeba kinga ile ya michirizi ya kahawia. Mashine za kusoma vinasaba zimefupisha mengi. Ua bado linachavushwa kwa mkono, tunda linatoa mbegu tatu, na mzizi wa mche ulioota msimu huu hauwezi kung'olewa na kupasuliwa kabla ya mwakani.